Dakika Kumi na Mbili Juu ya Tegeta

Nimefunga madishi ya televisheni kwa miaka kumi na nne, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuona satelaiti ikisogea. Kazi yenyewe inategemea hilo. Unapanda juu ya bati, unaligeuza dishi kidogo kidogo huku mwenye nyumba akikupigia kelele kutoka sebuleni, imekuja, imekatika, rudisha, hapohapo. Picha ikitulia unakaza nati, unashuka. Ukirudi nyumba ileile baada ya miaka mitano kwa sababu mvua imeozesha waya, satelaiti iko palepale ulipoiacha. Dishi la kampuni hii linaangalia magharibi, la kampuni ile linaangalia karibu na utosi. Fundi wa Dar es Salaam hahitaji kujua zaidi ya hapo, na mimi sikutaka kujua zaidi.

Kazi hii niliirithi kwa baba. Mama alitangulia, baba akamfuata miezi saba baadaye, nami nikiwa kidato cha pili. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na mmoja, na wa kike wa miaka mitano. Siku ya arobaini ya baba, ndugu zake walishuka kutoka bara wakiwa wameshampata mnunuzi wa nyumba yetu ya Tegeta, ambayo wakati huo ilikuwa vyumba viwili vyenye bati na viwili vya tofali tupu. Mnunuzi alikula pilau ya msiba huku akiupima uwanja kwa macho. Sisi tungegawanywa: mmoja kwa shangazi, mmoja kwa baba mdogo, mimi niolewe. Nilikaa kizingitini na spana ya baba mapajani, nikawaambia hakuna atakayeingia kupima chumba. Baba mdogo alisema nina mdomo mchafu, na kwamba kabla ya mwaka kwisha nitamfuata kwake nikitambaa. Sikumfuata. Shuleni nako sikurudi.

Nilijifunza kupanda bati nikiwa nimevaa suruali ya baba chini ya gauni. Wateja walikuwa wakiniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" nami nimesimama mbele yao na dishi kichwani. Mwenye duka mmoja wa Kinondoni, mzee wa Kihindi ambaye babu yake aliuza redio mtaa uleule, ndiye peke yake aliyenipa kazi. Alinipa zile ambazo mafundi wanaume walizikataa: nyumba zenye mbwa, zenye ghorofa tatu, zenye wenyewe wakorofi. Hakunionea huruma hata siku moja, na kwa hilo nilimheshimu.

Nyumbani nikawa sheria. Mtoto wa kwanza akishakaa kwenye kiti cha wazazi, wadogo zake hawamuulizi mambo, wanaomba ruhusa. Mimi ndiye niliyepakua, mimi ndiye niliyesema nani atoke na arudi saa ngapi. Niliwalea kwa chakula na fimbo, na kwa mdomo kuliko fimbo. Mdogo wangu wa kiume aliniiga mdomo. Alipokuwa mkubwa na kuanza kuendesha bodaboda, hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuinua kijiko bila kusemwa.

Yule wa mwisho hakuwa na mdomo. Alikuwa na maswali. Akiwa na miaka minane aliniuliza, "Dada, hilo dishi linaangalia nini?" Nikamwambia, "Linaangalia kazi. Kalete maji." Alileta maji, na swali akabaki nalo.

Alipofika sekondari akawa anatusimulia mambo ya anga jikoni, mchana wa Jumapili, sisi tukichambua mchele. Alisimulia jinsi roketi zilivyowahi kurushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini kule Malindi, kabla baba hajazaliwa, na sisi tunadhani mambo hayo ni ya mbali. Alisimulia roketi za siku hizi zinazokwenda juu na kurudi kusimama wima kwenye zege. Alituonyesha kwenye simu yangu, chombo kinashuka kwa moto kama mtu anayeshuka ngazi kwa nyuma.

"Chuma kinarudi," kaka yake alisema. "Baba alikwenda hospitali hapo tu, hakurudi."

Siku nyingine alitusimulia habari ya mbwa. Warusi walimweka mbwa jike kwenye chombo, wakamrusha kuizunguka dunia, na hawakuwa na mpango wowote wa kumrudisha. Walijua tangu mwanzo. Na hawakumtafuta mbwa wa nyumbani. Walimwokota mitaani Moscow.

"Kwa nini wa mitaani?" niliuliza.

"Kwa sababu wa mitaani ameshazoea njaa na baridi. Hasumbui."

"Kama sie," kaka yake akasema.

"Sie nani aturushe," nikasema, "bati lenyewe linavuja."

Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Yeye hakucheka. Nilimwona akiokota punje moja moja sakafuni, nikamwambia akimaliza aoshe na masufuria.

Alimaliza kidato cha sita, matokeo yakawa mazuri, akakaa nyumbani mwaka mzima. Ndipo mwalimu wake wa fizikia alipomletea tangazo. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinachukua kijana mmoja kutoka nchi yetu kwenda kusomea utengenezaji wa satelaiti, miaka miwili, kila kitu juu yao. Vyeti havikutosha. Kila mwombaji alitakiwa atengeneze antena yake mwenyewe, apokee kwa mikono yake picha nzima ya dunia kutoka satelaiti ya hali ya hewa, na aitume pamoja na sauti aliyoirekodi kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa.

Nilimruhusu kama unavyompa mtoto donge la unga achezee wakati unapika.

"Dada, hizi hazisimami," alinieleza. "Inatokea upande mmoja wa upeo, inapita juu yetu, inazama upande wa pili. Dakika kumi na mbili, imeenda."

"Satelaiti haitembei."

"Zako zinatembea pamoja na dunia, ndiyo maana unaziona zimesimama. Ziko mbali sana. Hii iko chini, inakimbia."

"Mie nimeanza kufunga madishi hujui kufuta makamasi."

"Najua, dada."

Alikuwa na tabia hiyo, kukubali huku hajakubali.

Antena aliyoitengeneza iliniaibisha. Alichukua fito mbili za alumini kutoka antena ya zamani ya baba, akazipanua kama miguu ya mtu anayeruka mtaro, akazifunga juu ya kifuniko cha ndoo cha bluu. Kifuniko akakipigilia kwenye mrunda, mti wa kujengea, na mrunda akaufunga pembeni mwa paa kwa vipande vya kanga kuukuu. Kutoka barabarani ilionekana kama kitu kilichopeperushwa na upepo kikanasa. Kaka yake aliuliza kama pale ndipo tutakapoanika dagaa. Wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja kutoka nyumba mpya za nyuma yetu, mwenye geti la umeme, akitaka madishi mawili. Alitazama juu ya paa langu kwa muda mrefu.

"Fundi, hiyo ndiyo kazi yako?"

"Hapana mama, ni ya mtoto, anacheza."

"Haya. Nitakupigia."

Hakupiga. Madishi yake alifungiwa na mtu kutoka Bunju, na kila asubuhi nikifungua dirisha nilikuwa nayaona, yamekaa sawasawa.

Mwalimu alimwazima mdogo wangu kompyuta yake, pamoja na kidude kidogo cha kuchomeka pembeni kinachonasa mawimbi. Alimwazima kwa siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu na yeye alikuwa anasafiri. Alhamisi asubuhi upepo uligeuza fito, ikatoka picha ya michirizi mitupu. Alipanda, akazirudisha, akashuka, akahesabu, akapanda tena. Alhamisi jioni satelaiti ilipita, na kwa mara ya kwanza mimi nikaisikia. Ilikuwa sauti ya saa ya ukutani, tik, tok, tik, tok, safi kabisa, inatoka kwenye kompyuta ya mwalimu juu ya meza yetu. Mstari kwa mstari picha ikaanza kujichora kutoka juu. Mawingu. Halafu pwani. Mdogo wangu aliweka kidole kwenye kioo bila kukigusa, akasema, "Pemba. Unguja." Kompyuta ikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na chaji ilikuwa imekwisha.

Hakulia. Alikaa, akavuta pumzi, akasema, "Sasa najua. Kila kitu kiko sawa. Kesho saa tatu na dakika arobaini inapita juu kabisa." Kisha akanigeukia. "Dada, naomba mtu asiguse ile antena. Hata kidogo."

Kaka yake alikuwa mlangoni, anakula. "Umepewa amri, bosi," aliniambia. "Nyumba imepata mwenyewe."

Najua leo kwamba maneno hayo, pamoja na yale madishi mawili ya jirani, ndiyo yaliyonipandisha juu ya paa kesho yake. Siku ile nilijiambia namsaidia. Na kweli nilikuwa namsaidia, ndiyo sehemu ninayoshindwa kuieleza vizuri. Nilitaka apate. Nilitaka apate kwa mkono wangu.

Ijumaa asubuhi alipeleka kompyuta kuchajiwa kwa jirani mwenye jenereta. Nikachukua ngazi, bomba la chuma la inchi moja na nusu, vishikizo na bolti mpya. Nilikata zile kanga. Niliutupa mrunda. Kifuniko cha ndoo niliking'oa, nikakirusha chini kikaangukia kwa kuku. Nilisimamisha bomba, nikalipima kwa timazi, nikalifunga kwenye boriti kama ninavyofunga la mteja mkubwa. Kisha nikashika zile fito mbili na kuzifunga juu ya bomba kwa vishikizo vya chuma, chuma kwa chuma, nikakaza bolti mpaka nikazisikia zinalia. Haikutikisika. Ungeweza kuning'inia pale. Waya wake aliokuwa ameuunga kwa gundi nilimbadilishia, nikamwekea mpya, na viungio vyake vizuri. Kisha nikaelekeza kila kitu utosini, mahali ambapo kwa miaka kumi na nne satelaiti haijawahi kuniangusha. Nilitazama nyumba za jirani, nikaona kwamba sasa na sisi tumefanana na watu.

Alirudi zimebaki dakika sita. Alisimama uani na kompyuta kifuani, akatazama juu.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekufungia. Ile yako ingeanguka."

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile cha plastiki. Dada, hizo fito mbili hazitakiwi kugusana. Sasa umeziunganisha kwenye bomba."

"Chomeka waya, acha maneno."

Alichomeka, kwa sababu alikuwa hajawahi kuniambia hapana. Kompyuta ikaanza kutoa sauti kama ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Alikuja kwenye ngazi akaweka mguu. Nyumbani kwetu kuna sheria kwamba watu wawili hawapandi paa moja kwa wakati mmoja. Ni sheria nzuri, nimeiweka mwenyewe, bati ni la zamani na baba aliwahi kuanguka. Nilisimama kichwani mwa ngazi.

"Hakuna anayepanda nikiwa juu."

"Shuka basi, dada. Shuka nipande mimi. Tafadhali."

"Kaa chini usubiri. Mawimbi yatakuja."

Hayo ndiyo maneno tunayowaambia wateja wote. Ndiyo maneno ya kwanza aliyonifundisha baba, usimwoneshe mwenye nyumba kwamba hujui, mwambie asubiri, mawimbi yatakuja. Mdogo wangu akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na kompyuta. Nikalegeza bolti ya chini, nikaanza kulizungusha bomba.

"Imekuja?"

"Haijaja."

"Sasa?"

"Haijaja."

Niligeuza magharibi. Niligeuza kuelekea baharini. Jua lilikuwa linaniunguza shingo, na niliendelea, kwa sababu sijawahi kushuka kwenye paa nikiwa sijapata picha. "Sasa?" niliuliza. Hakujibu. Nilidhani amekasirika, nikamwambia mtu anayetaka kusaidiwa anaitika. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imeshapita, dada. Iko Msumbiji sasa hivi."

Nilishuka. Kwenye kioo kulikuwa na picha iliyojaa kijivu kutoka juu mpaka chini, kama mchanga. Nilitakiwa kusema neno moja. Nikasema, "Ingekuwa satelaiti ya maana isingekimbia."

Alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha njiani halafu ukaona siye. Akaenda kwenye banda, akamfukuza kuku aliyekuwa amesimama juu ya kifuniko, akakiosha bombani. Satelaiti ingerudi baada ya dakika mia moja hivi, lakini chini kabisa upande wa magharibi, nyuma ya maghorofa mapya. Alipanda peke yake, na spana ya baba. Nilikaa ndani. Nilimsikia akihangaika na bolti nilizokaza mimi, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kuzifungua polepole. Ufito mmoja ulikatika. Niliusikia ukigonga bati na kuteleza mpaka chini.

Alituma ile nusu picha ya Alhamisi, Pemba na kipande cha Unguja. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza kama kulikuwa na tatizo la kiufundi. Aliandika umeme. Nilimchungulia begani, nikaona ameandika umeme tu, na siku ile nilifikiri ameniheshimu. Mwalimu alikuja kuchukua kompyuta yake, akauliza imekwendaje, akajibiwa, "Nusu, mwalimu." Akasema pole. Majibu yalikuja baada ya majuma mawili, mistari mitatu: walimshukuru, picha haikutimiza sharti, walimtakia mema.

Baadaye mwaka huohuo satelaiti zile za hali ya hewa, za zamani, zilizimwa, moja baada ya nyingine, kwa amri iliyotumwa kutoka chini. Zilikuwa zimechoka, zilikuwa zimefanya kazi miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Yeye ndiye aliyetusomea habari hiyo, tukiwa mezani.

"Basi hata ungewahi," kaka yake akasema, "ungewahi maiti."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe, nikaendelea kucheka peke yangu, mpaka hata yule wa kiume akainamia sahani yake.

Siku moja nikiwa nasubiri mteja Mbezi, nilitafuta kwenye simu jinsi antena ile inavyotengenezwa. Nilisoma maelezo matatu ya watu tofauti. Yote matatu yanaanza na jambo lilelile, kabla ya vipimo, kabla ya pembe: fito mbili zisigusane, na zisikae kwenye chuma. Ni jambo la mwanafunzi. Nilizima simu, nikafunga dishi la yule mteja, likakaa vizuri.

Sijamwomba msamaha. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilimwita, akaja, akasimama mlangoni akisubiri kutumwa, nikamtuma chumvi. Mara ya pili nilimnunulia kitenge. Alishukuru. Sijui tunavyoombana msamaha kwenda chini. Katika nyumba yetu msamaha ulikuwa unapanda tu, unakuja kwangu, na mimi ndiye niliyeujenga ukae hivyo.

Nilichoweza ni kumtafutia kazi. Nilikwenda naye Kinondoni kwa mzee wa duka, nikamwambia nina mdogo wangu, ana akili, anajua mambo ya satelaiti kuliko mimi. Mzee alimuuliza maswali mawili matatu kuhusu madishi, akajibiwa mpaka akavua miwani.

"Huyu binti anajua mno," aliniambia. "Kwa nini umemleta kwangu?"

"Nafasi ilikosekana kwingine."

"Haya. Atakaa kaunta."

Ndipo alipo mpaka sasa. Anauza waya, vishikizo, rimoti. Anawahi, hakosei, mzee anamwachia duka siku anapokwenda msikitini. Hasomi tena habari za anga, au kama anasoma, hasomi mbele yangu. Mwezi uliopita kwenye redio ya duka walitangaza habari za watu wanaojiandaa kurudi mwezini. Akaipunguza sauti ili amsikie mteja.

Jumanne iliyopita nilikwenda kuchukua dishi la kazi ya Kigamboni. Mteja mmoja, mama wa makamo, alikuwa kwenye kaunta akitafuta mtu wa kumfungia lake. Alitutazama, mimi kisha yeye, sura zetu hazifichiki, wote tumemchukua mama. Akatabasamu.

"Shikamoo, mama," mdogo wangu alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni dada yako, eti?"

Mdogo wangu alikuwa anaandika risiti. Hakuinua uso.

"Huyo ni fundi," alisema. "Anafunga vizuri sana, mama. Akishakaza hakifunguki."

Yule mama akaniuliza naweza kwenda kwake lini. Nikamwambia Alhamisi. Nikaweka dishi kichwani, nikatoka.